Mtungi wa Mama na Chumvi Yake

Nyumba ya nyuma ya soko,
Mlango wa buluu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine nampa Baba Mdogo mapema, maana najua utamsomea barua hii kwa sauti, na akisikia ametajwa mwishoni tu atanuna mpaka kesho.

Magoti yako hayajambo? Nayaulizia kabla yako mwenyewe kwa sababu hapa nyumbani yamekuwa kama watu. Kila anayepita mlangoni ananiuliza, magoti ya mdogo wa marehemu yanaendeleaje? Mimi hujibu kwamba yanapanda kitandani na kushuka, ila ngazi za basi hayazitaki. Naomba uniambie kama ile dawa ya kuchua imekusaidia au imekunukia bure.

Sisi ni wazima wa mwili. Cherehani yangu inafanya kazi, na macho bado yanaliona tundu la sindano nikisogea dirishani. Mambo ya moyo sikuweza kuyabana kwenye salamu. Utayaona humo mbele.

Barua hii utapewa na kaka mkononi, kabla hajafungua mlango wa pili wa lori. Ameniapia. Mpe maji, mkalishe, lakini usimwache aanze kueleza, kwa kuwa akianza ataeleza mambo kichwa chini miguu juu. Kuna kitu amekuletea. Ukikikubali, kitashuka hapo kwako. Ukikikataa, atageuka nacho, na makumbusho ya mji wetu yatakipokea kwa mikono miwili. Uamuzi ni wako peke yako na hakuna atakayekununia. Ninachoomba ni kwamba usome mpaka mwisho kwanza.

Kwanza nikutue mzigo wa mazishi. Tafadhali usijilaumu tena kwa kutofika, kama ulivyokuwa unajilaumu kwenye simu. Mama alizikwa vizuri, mchana, jua likiwa limepoa. Watu walikuja wengi kuliko viti, na wengine sikuwajua kabisa mpaka walipojitambulisha kwa chumvi. Mmoja aliniambia, mimi ndiye niliyemwazima sufuria akairudisha na chumvi ndani. Mwingine akasema yeye alimwazima ndoo, naye alikuta chumvi kwenye karatasi, kavu, imekunjwa vizuri juu ya mfuniko.

Unajua alivyokuwa. Chombo cha mtu hakikutoka mikononi mwake kitupu, hata kiwe kifuniko cha chupa. Mtaani walimwita Bibi Chumvi. Mwenye duka la pembeni alikuwa akimlalamikia mbele za watu: "Bibi Chumvi, unaniulia biashara! Mtaa mzima haununui chumvi!" Naye bila kugeuka alimjibu, "Hamia kwenye sukari, mwanangu." Siku ya mazishi mwenye duka huyo alifunga duka, akakaa kwenye ngazi ya jiko letu.

Nilidhani nitalia sana siku ile, kumbe siku ile nilikuwa na kazi ya kuhesabu sahani. Nilianza kulia baadaye, kwa vitu vidogo. Redio yake, ambayo aliifungulia chini sana mpaka mtu ukajiuliza anasikia nini. Ndala zake mlangoni. Nikifagia nilizisogeza, nikimaliza nilizirudisha palepale, kisigino kikiangalia ndani, kama alivyoziacha.

Sasa nije kwenye mtungi.

Unaukumbuka ulipokaa, kwenye pembe ya jiko, kati ya ukuta na meko. Mpana wa mabega, ukiukumbatia vidole havikutani. Ulikuwa mweusi tii kwa moshi, tangu enzi za bibi na kabla yake, na ndani yake ndimo chumvi ya nyumba ilimokaa siku zote. Shingoni, upande wa kushoto, palikuwa na mahali palipong'aa kuliko pengine. Ndipo mama alipoweka kiganja chake kila alipoinama kuchota. Mkono wa kushoto shingoni, wa kulia ndani, na sauti fulani ndogo puani, kama mtu anayekubaliana na jambo. Nilipokuwa mtoto niliweka kiganja changu pale kuona kama nimeshamfikia. Sikuwahi kumfikia. Alikuwa na mikono mikubwa, na mimi nimekuwa na mikono ya kupitisha uzi.

Wiki chache baada ya mazishi, nilikwenda kupeleka sare za shule, mzigo mzima. Mama Pacha, mke wa kaka, akaona ndiyo nafasi yake ya kunisaidia. Humjui vizuri wifi yangu huyu, mmeonana kwenye picha tu. Anafanya usafi zahanati, na kwa kazi yake hiyo akiona weusi anaona ugonjwa. Alitaka nirudi nikute jiko halinilizi. Akasugua sufuria, akasugua dirisha, akasugua hata waya wa kuanikia. Kisha akaimimina chumvi kwenye ndoo, akautoa mtungi uani, akaushika kwa mchanga, sabuni na kile chuma cha kusugulia.

Nilirudi nikaukuta kwenye jua, mwekundu kama nyanya mbivu, umeinamishwa ukauke. Ulifanana na mtoto aliyeogeshwa kwa nguvu siku ya kufungua shule. Mama Pacha alikuwa amesimama kando yake, mikono imechubuka, anatabasamu, anangoja nimshukuru.

Mama Mdogo, nilisema jambo ambalo sikujua kama liko kinywani mwangu. Nilimwambia, "Wifi, umemsugua mama mpaka ameisha."

Akasema, "Nilidhani ni uchafu."

"Ulikuwa mkono wake."

Aliweka kitambaa chini taratibu, akachukua mkoba, akatoka. Kwa kuchanganyikiwa alivaa ndala za mama, akaacha viatu vyake mwenyewe mlangoni. Kwa hiyo kwa siku moja niliupoteza mkono wa mama na ndala zake pia, na wifi yangu nikampoteza juu yake. Hakuja tena. Kaka akipita alisema ana mafua. Mafua gani yasiyopona.

Nilikaa uani na ule mtungi kwa sababu sikutaka kuurudisha ndani ukiwa na sura ile. Na kwa kuwa nilikaa, nikauona. Jua lilipougeukia, ulianza kumeta. Chembe ndogondogo, kama vumbi la kioo, zimetapakaa kwenye udongo wote. Begani na shingoni pakatokea mistari iliyochorwa kwa kitu kama kitana, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mshono wa zigizaga kabisa. Mimi nimeshona miaka mingi, najua mkono uliotulia nikiuona. Aliyeichora mistari ile hakuinua kitana chake mpaka alipozunguka mtungi mzima na kukutana na alipoanzia.

Hadithi ya nyumbani unaijua kuliko mimi. Bibi alitueleza kwamba mtungi ule ulifinyangwa hapahapa na bibi yake, kwa udongo wa mtoni kwetu. Lakini udongo wetu ni wa kijivu, Mama Mdogo. Matofali ya mji huu yote ni ya kijivu. Nikaenda kulichukua lile bakuli la kunyweshea kuku, lililopinda, ambalo bila shaka lilifinyangwa hapa kwani hakuna mji mwingine ambao ungekubali lawama. Nikaviweka pamoja. Hata kipofu angejua si ndugu.

Nilimwambia kaka, naye akamwambia mama mmoja wa makumbusho ambaye aliwahi kumbebea masanduku kwa lori. Akaja siku ya pili yake. Nilitegemea mtu wa kusimama mbali na kuandika. Huyu alivua miwani, akapiga magoti sakafuni, akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, akaunusa, kisha akaulamba. Aliulamba, Mama Mdogo, kwa nje, ubavuni! Jirani yetu tunayemwita Redio alikuwa amechungulia dirishani kama kawaida yake. "Wee, mgeni wenu hajala?" akauliza. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini.

Alisema ana maana yake. Chumvi ilikuwa imepenya ukuta wa mtungi kutoka ndani mpaka nje, na kupenya hivyo si kazi ya maisha ya mtu mmoja. Kisha akaniomba nimtolee kila kitu cha udongo kilichomo ndani. Nilimtolea: kile chungu chembamba cheusi cha mama cha kuchemshia dawa, kile kifuniko chenye kishikio cha mviringo, sahani ya mezani yenye maua ya buluu iliyoshikizwa kwa waya, na bakuli la kuku. Akavipanga sakafuni kutoka dirishani mpaka mlangoni, akavisogeza sogeza, na jiko la mama likawa kama soko.

Kile cheusi, akasema, kimetoka ziwani. Wavuvi wa huko walileta samaki waliokaushwa, na vyungu vikaja juu ya mzigo. Kifuniko ni cha kusini, kwa wakulima wa nafaka. Sahani ilipita mikono mingi kutoka ng'ambo, na aliyeishikiza kwa waya aliithamini kuliko aliyeitengeneza. Nilimuuliza kipi ni cha kwetu. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la kuku. Kaka alisikitika waziwazi.

"Hapa hamkuwa wafinyanzi," alisema kwa upole. "Hapa mlikuwa na chumvi. Mwenye chumvi hana haja ya kujua kufinyanga, vyungu vinamfuata."

Ndipo akanieleza namna walivyouziana. Watu wa milimani, huko uliko wewe, walishuka na vyungu vimepangwa kimoja ndani ya kingine, vimezungukwa majani makavu visivunjike. Mtu wa hapa akikipenda chungu, alikijaza chumvi mpaka mdomoni. Chumvi ile akammiminia mwenye chungu kwenye mfuko wake, na chungu kikabaki kwa mnunuzi. Ujazo wake ndio bei yake. Hapakuwa na haja ya mizani wala ya kujua lugha ya mwenzio. Chungu kikubwa, chumvi nyingi. Kidogo, kidogo.

Niliposikia hivyo nilimfikiria mama na karatasi zake za chumvi. Nikamwambia habari ya mama. Yule mama hakuandika. Alisema hawezi kujua, na hataki kunidanganya, lakini yaelekea katika nyumba hii mtu fulani alimfundisha mtoto wake kwamba chombo kikienda kwa mwenyewe kiende na chumvi, na mtoto akamfundisha wake, mpaka sababu ikasahauliwa na mkono ukabaki unafanya.

Udongo unaometa ni wa milima yenu. Hilo alikuwa na uhakika nalo. Kilichomsumbua ni ukubwa. Aliuzunguka, akaupima kwa mikono, akatikisa kichwa. Akasema mtungi huu haukuletwa kuuzwa. Vyungu vya biashara vilikuwa vya saizi ya kuingiana, mpagazi mmoja abebe vingi. Huu hauingii ndani ya kitu na hakuna kilichoweza kusafiri ndani yake bila kuuvunja. Mfanyabiashara gani angemlipa mtu atembee siku zote zile na chombo kimoja kichwani? Angekula hasara kabla hajafika nusu ya njia.

"Basi uliletwaje?" kaka akauliza.

"Uliletwa na mwenyewe," akasema. "Alikuja kukaa."

Kwa hiyo, Mama Mdogo, yule bibi wa bibi hakufinyanga chochote hapa. Alitoka milimani akiwa na mtungi wake, akaolewa kwa watu wa chumvi, akaujaza chumvi yao. Sisi sote tumetoka kwake.

Kabla hajaondoka, yule mama aliuinamisha mtungi kuelekea mlangoni, akaniambia nitazame shingoni, upande wa kushoto. Ile mistari ya kitana ilizunguka shingo yote, lakini mahali pale haikuwepo. Palikuwa laini, pamezama kidogo, kama alama ya kiganja. Akasema mahali pa namna hiyo hapalimwi na sabuni wala chuma. Ni watu, mmoja baada ya mwingine, wameshika palepale wakati wa kuchota. Nikaweka kiganja changu. Moshi ulikuwa umepaficha siku zote. Kama wifi asingesugua, nisingejua kwamba mkono wa mama ulikuwa umekaa juu ya mkono wa mama yake, na wa mama yake, mpaka chini.

Nilitaka kwenda kwa Mama Pacha siku ileile, nikaona haya. Yeye akanitangulia. Kesho yake nilisikia hodi, nikafungua, sikuona mtu. Chini pale mlangoni zilikuwepo ndala za mama, zimeoshwa, kisigino kikiangalia ndani. Na ndani ya ndala ya kulia kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, ina chumvi.

Nilitoka mbio pekupeku. Alikuwa hajafika hata kwenye kona. Tulilia pale barabarani mpaka Redio akatuletea stuli tukae, akasimama pembeni asikose neno. Mama Pacha akaniambia, "Nilitaka usilie, wifi, nikakuliza." Nikamwambia aje aone alichokiosha. Alipoweka kiganja chake shingoni mwa mtungi, kiliingia sawasawa. Ana mikono mikubwa kama ya mama. Sikuwa nimeliona hilo kwa miaka yote.

Tatizo likabaki moja. Kaka alikuwa ameshampa ahadi yule mama. Makumbusho walitaka mtungi wauweke mbele kabisa, kwenye kabati la kioo, na kaka aliona fahari. Usimlaumu. Tangu mama afe amekuwa akitafuta kitu kikubwa cha kumfanyia, na chote alichonacho ni lori.

Tulikaa jikoni, sisi watatu. Kaka akasema ameshaahidi. Mama Pacha akamuuliza, "Uliahidi kitu cha nani?"

"Cha mama yangu."

"Mama yako alikuwa na mdogo wake."

Kaka akajibu kwamba Mama Mdogo mwenyewe aliondoka bila mtungi na hajawahi kuuulizia. Hapo ndipo niliposema jambo ambalo huenda unadhani nimelisahau, kwa kuwa nilikuwa mdogo, nimeshika upindo wa nguo ya mama.

Nakumbuka siku uliyoolewa kwenda huko. Mama alikuwa na mtoto wa kiume na mimi, na nyumba ya mumewe, akasema mtungi uende na wewe kwa sababu wewe ndiye unayeanza nyumba. Bibi akakataa. Alisema mtungi umefinyangwa na watu wetu kwa udongo wetu, hautaondoka kwenda kwa wageni. Na mashangazi wakacheka, wakasema watu wa milimani watakupikia mawe. Ulivaa viatu vyeupe. Mama alikusindikiza mpaka stendi, na kwa kuwa hakuwa na kingine alichoruhusiwa kukupa, akakufungia chumvi kwenye ncha ya leso yako. Ulipanda basi umeishika ile ncha kwa mkono mzima. Mama alirudi nyumbani akaingia jikoni, akaweka kiganja chake shingoni mwa mtungi, na hakuchota chochote.

Tangu hapo sikuwahi kumsikia akiutaja kama mtungi wake. Alisema "mtungi wa nyumba". Siku moja tu, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, nilimsikia akimwambia Redio, "Ningekuwa na ujasiri kidogo siku ile."

Nilipomaliza kusema, kaka alinyanyuka akaenda nje kutazama matairi. Unamjua, akiguswa hutazama matairi. Tulimsikia akiyapiga teke moja moja. Akarudi, akasimama mlangoni, akasema, "Nitauweka mbele, kwenye kiti cha utingo. Na mkanda utafunga."

Kumbe walikuambia unakwenda kwa wageni, Mama Mdogo, na wewe ndiye peke yako uliyekuwa unarudi nyumbani.

Yule mama wa makumbusho hakufurahi, siwezi kukudanganya. Uso ulimwanguka. Aliomba aupige picha pande zote, tukamruhusu. Kisha macho yake yakaenda kwenye bakuli la kuku. Akauliza kama tunalihitaji sana. Akasema vyombo vizuri vya milimani anavyo viwili vitatu, ila vya hapa hana hata kimoja, kwani hakuna aliyeona vinastahili kutunzwa. Kwa hiyo bakuli letu lililopinda ndilo lililoingia kwenye kabati la kioo, na kaka ahadi yake ikasimama. Kuku wanakunywa kwenye sufuria. Mama Pacha ameniahidi kwamba hatalisugua kabati.

Mtungi tumeujaza. Mimi na wifi tulikwenda wenyewe kwenye mashamba ya chumvi nyuma ya mji, tukachagua ile nyeupe ya juu. Tumeujaza mpaka mdomoni, tukaufunika kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe, na ukingo wake nimeutia zigizaga ufanane na mistari ya begani. Ile chumvi ya mama, iliyomiminwa kwenye ndoo siku ya kusugua, tumeitia chini kabisa. Kwa hiyo usimwage yote kwa pupa. Ya mwisho ni yake.

Kwa sheria ile ya zamani, anayeutaka mtungi anaujaza, chumvi anampa mwenyewe, naye anabaki na mtungi. Bibi yetu alikuja na wake akakaa nasi, na hakuna mtu wa huku aliyewajazia watu wake chochote. Basi bei yake ndiyo hiyo, kamili mpaka mdomoni. Na mtungi nao ndio huo. Baba Mdogo atacheka aseme hii ni biashara ya namna gani, mtu analipa bei yote kisha anarudisha na bidhaa. Mwambie shemeji yake alikuwa hivyohivyo, mwenye duka ni shahidi.

Ukiona moyo haujapoa, ukaona umechelewa mno, nitaelewa. Mwambie kaka "rudi nao" na usieleze sababu. Atatazama matairi, kisha atarudi. Ila kama utaukubali, usiuweke sebuleni wageni wauone. Uweke jikoni, karibu na meko, uanze kuwa mweusi tena. Waite majirani, kila mmoja aje na karatasi yake. Na kabla hujachota mara ya kwanza, weka mkono wa kushoto shingoni. Hutahitaji kupatafuta. Mkono utapaona wenyewe.

Nisalimie binti yako mwalimu, na mumewe mrefu anayeinama kwenye kila mlango. Msalimie Babu Kofia, jirani yenu, kama bado anabishana na redio yake. Mama Pacha anakusalimu kwa aibu, anaomba umtume kaka na neno lolote, hata la kumgombeza. Pacha wenyewe wanasema wanakuja likizo kuona kama mawe yanapikika. Redio naye anakusalimu, na ameniomba niandike kwamba barua hii hakuisoma.

Mungu akupe magoti ya kupiga karibu na meko na ya kunyanyuka tena, akulaze salama na akuamshe na watu wako wote wakiwa wazima. Na alipo dada yako, amwambie kwamba mtungi umefika.

Ni mimi mwanao, nikupendaye tangu siku ya viatu vyeupe,

Sindano.